Mafundi Watatu na Lori Lililoitwa Pumu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mafundi wa kubahatisha walikuwa wamekwishazaliwa, palikuwa na mjane wa milima ya Upare aitwaye Namsifu. Alikuwa na lori moja, na lori hilo ndilo lililosomesha wanawe. Kila mavuno alipandisha mahindi ya wanakijiji kutoka mashamba ya tambarare. Watu walilibatiza jina la Pumu, kwa sababu likifika kwenye kona ya mwinuko lilikata pumzi. Abiria walishuka wakasukuma, utingo akakimbia nyuma na gogo la kuzuia tairi. Nauli walilipa ya kupanda gari, mlima waliupanda kwa miguu.

Siku moja shemeji yake akamletea supachaja, lile boksi la chuma linalokaa juu ya injini na kuishindilia hewa kwa mapanga mawili yanayozunguka ndani. Ilitoka kwenye gari bovu, haina puli, kile kigurudumu cha kuizungusha, haina mkanda. Zawadi za shemeji tunazijua.

Namsifu akaenda kwa fundi Mbonea. Mbonea akafunua boneti, akatikisa kichwa, akauliza, "Nani alikufungia hii?" Hakuna aliyekuwa amefunga kitu, lakini fundi asiyeanza na swali hilo ni fundi gani? Akatafuta puli inayofaa, akaikosa, akafunga iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa ndogo mno. Mbonea akamwambia mama asiwe na wasiwasi, ndogo ndiyo inayozungusha haraka.

Mkanda Mbonea hakuwa nao. Namsifu akaenda kwa fundi Singo. Singo akainama, akaguna, akauliza, "Nani alikufungia hii?" Akamponda Mbonea mpaka akachoka, kisha akafunga mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga, mpana kuliko puli, tena unalegea. Alisema utajikaza wenyewe ukishazoea. Sijui alitaka uzoee nini.

Basi, Mungu hamtupi mja wake. Puli ilitaka kuizungusha supachaja kupita kiasi, mkanda ukateleza, mbio zikapungua, hewa ikaingia ya kutosha. Kosa likalalia kosa, Pumu likapanda mlima. Kwenye ile kona hakushuka mtu. Namsifu alilia kwa furaha akiwa kwenye usukani, maana tangu afiwe hakuwahi kufika juu abiria wake wakiwa wameketi.

Ila mkanda ulipiga kelele. Abiria wale wale waliokuwa wakisukuma sasa wakalalamika masikio yanauma. Namsifu akaona haya, akaenda kwa Mrisho, fundi anayepima kila kitu mara mbili. Mrisho naye, pamoja na vipimo vyake vyote, "Nani alikufungia hii?" Akafunga roda ya kukaza mkanda, kazi safi, imenyooka. Mbonea alipita akaikagua, akasema grisi imezidi. Mkanda ukanyamaza.

Safari iliyofuata, pale pale kwenye kona, puli ndogo ikapata ilichokuwa ikikitaka siku zote. Injini ikanguruma kwa fahari, ikapasuka ubavu. Utingo alikuwa ameliacha gogo nyumbani kwa kiburi, wakazuia tairi kwa magunia. Nusu ya mahindi ya kijiji bado ilikuwa tambarare, na mawingu yameshuka. Mvua ikinyesha barabara hufungwa, na huko juu watu watakula nini?

Sasa, gereji ile walimofanyia kazi mafundi wote watatu ilikuwa na sheria yake: aliyeua injini ya mtu hutoa ya kwake. Mtu mmoja tu, na mwenye gari ndiye anayemnyooshea kidole. Wakaitwa wote watatu.

Mbonea akasema, "Puli yangu imepanda mlima na kushuka, mama ni shahidi. Iliua lini?"

Singo akasema, "Mkanda wangu ndio uliokuwa ukiilinda injini. Aliyeukaza ndiye muuaji."

Mrisho akamjibu kwamba ungekuwa mkanda wa haki, ubaya wa puli ungeonekana siku ya kwanza, hapa hapa gereji. Wakamuuliza yeye hiyo puli hakuiona? Akainamisha macho. "Niliiona. Lakini mama alinijia kwa kelele, hakunijia kwa puli."

Hapo wakapatana kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakamgeukia Namsifu: nani alimwambia kelele ni ugonjwa?

Namsifu alikuwa akitazama magari yao uani. La Mbonea lilikuwa juu ya mawe, kuku wametagia ndani. La Singo lilikuwa boneti tu, injini ilishauzwa. La Mrisho peke yake lilikuwa na injini inayowaka, Mrisho ambaye peke yake alifunga kitu kilichokaa sawasawa. Akimnyooshea kidole, mahindi yatapanda kabla ya mvua. Akimnyooshea mwingine, atakuwa ametenda haki, na haki haisagwi unga.

Tone la kwanza likamdondokea mkononi. Namsifu akainua kidole.

Wenye gereji mnyamaze kwanza, ninyi tunawajua. Ninyi wengine, mngekuwa na kidole kile na mvua ile: je, nani alistahili kung'oa injini yake?