Pimbi na Tembo Mbele ya Baraza la Nyimbo

Kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani kama sisi, Pimbi aliishi kwenye majabali. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia. Lakini sauti yake! Akiimba, hata nyani waliokuwa wakigombana walinyamaza.

Pimbi alitunga wimbo wa harusi, mtamu ajabu. Tembo akausikia. Akaja mbio, tindi! tindi! tindi!

"Ndugu Pimbi, namwoza mwanangu. Niazime wimbo wako."

"Chukua, Bwana Tembo. Lakini uuimbe kwenye harusi hiyo tu. Na kabla ya kuimba, useme umetungwa na Pimbi."

"Ah, hilo tu? Nimekubali!"

Thubutu! Harusi ikapita, Tembo akauimba kwenye mavuno, jandoni, mtoni, na popote palipopikwa pilau. Akiulizwa nani katunga, hujipiga kifua kwa mkonga: "Nani mwingine? Mimi!"

Siku Pimbi alipomwoza binti yake, Tunu, alisimama kuimba. Hakumaliza hata mstari.

"Zii! Mwizi! Huo wimbo wa Tembo!" wageni wakazomea.

Tunu akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Pimbi akampeleka Tembo kwa Simba. Simba akapiga miayo. "Nyimbo? Mimi naamua ugomvi wa nyama na mipaka. Piganeni. Atakayebaki amesimama, wimbo wake."

Pimbi akaitazama miguu ya Tembo, minene kama vinu. "La, mzee. Wimbo haupimwi kwa uzito. Tuupeleke kwenye Baraza la Nyimbo."

Baraza hilo lilikuwa la ndege na vyura waliozeekea ngomani. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuamua nani ana haki gani juu ya wimbo. Mwenyekiti wao, Mama Chiriku, angeweza kulala ndani ya unyayo wa Simba, na bado wote walimwinamia.

"Bwana Tembo," akasema Mama Chiriku, "ulipewa wimbo kwa masharti. Uliyafuata?"

Tembo akacheka, masikio yakapiga pwata! pwata! "Masharti ya nini, mama? Sauti ni upepo. Ikishatoka kinywani haina mwenyewe. Anayeisikia aichukue!"

"Kweli kabisa?" Pimbi akauliza kwa upole.

"Kweli kabisa!"

"Baraza limesikia?"

"Limesikia."

Basi Pimbi akapanda juu ya jiwe. Akavuta pumzi, akavuta, tumbo likajaa kama ngoma.

Mbuuuuu! Mbuuu-ruuuu!

Lahaula! Haikuwa sauti ya Pimbi. Ulikuwa wito wa ukoo wa Tembo, ule alioachiwa na mama yake wa kuwaita watoto nyumbani! Majani yakatetemeka. Vyura wakasahau kufumba vinywa. Kule bondeni vumbi likapanda, na watoto wa Tembo wakaja mbio, wakampita baba yao bila kumtazama, wakasimama mbele ya mnyama yule mdogo, mikonga chini, kama wanaosubiri baraka.

"Acha!" Tembo akanguruma. "Wito huo ni wa mama yangu! Nani kakupa ruhusa?"

Baraza zima likamgeukia.

Tembo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mkonga ukalegea, ukagusa mchanga.

"Kumbe sauti ina mwenyewe," akasema Mama Chiriku taratibu. "Basi Baraza linaamua. Kila ulikouimba wimbo wa Pimbi, rudi ukamtaje. Usiuimbe tena bila kumwomba. Na ngoma ya harusi ya Tunu itachezwa upya, mbele ya wageni wale wale waliozomea."

"Nimekosa," Tembo akasema, sauti ndogo. "Lakini, Ndugu Pimbi, ule wito wa mama..."

"Sitauiga tena, Bwana Tembo. Ni wako."

Pimbi akashuka kwenye jiwe. Simba, aliyekuwa amekuja kutazama tu, akainuka na kumpisha njia.

Basi, wanangu, kazi ya mwenzako ukiitaka, omba. Na ukipewa, shika masharti yake.