Kiti Kimoja cha Kiwanda cha Chilanje

Hapo zamani, tena si zamani sana, kulikuwa na mji wa Chilanje, huko bara kwenye mashamba ya uwele. Kila mvua zilipoanza, nyoka aina ya kifutu waliwauma watu mashambani. Dawa ya sumu ilitoka ng'ambo. Ilichelewa, na waliokuwa wakiingoja walizikwa.

Sechelela, binti wa hapo, alimzika kaka yake hivyo hivyo. Alikwenda kusomea utengenezaji wa dawa, akarudi, akakodi ghala la pamba, akanunua farasi. Alikusudia kuwazoesha farasi sumu kidogo kidogo, kisha atengeneze dawa kutokana na damu yao. Ila sumu ataipata wapi?

Akamwendea Mbeleje, mshika nyoka. Msimu baada ya msimu Mbeleje aliwaleta vifutu hai, akawakamua sumu mwenyewe. Siku moja mmoja akamuuma. Alipona, lakini mkono wa kulia ulikatwa. Akaendelea na kazi kwa wa kushoto.

Dawa ikapatikana. Ikajaribiwa kwa panya, ikafaa, ila hakuna binadamu aliyewahi kuchomwa dawa hiyo. Ndipo Mama Matika, mkulima, akaumwa na kifutu akiwa anapalilia. Hospitali haikuwa na dawa nyingine. Sechelela alisimama kando ya kitanda na sindano mkononi, akaogopa. Je, kama itamuua?

Mama Matika akamwambia, "Nichome, mwanangu. Nikipona mtajua. Nikifa mtajua pia."

Akachomwa, akapona.

Mikoa jirani ikaagiza dawa, halafu nchi jirani. Ghala likawa kiwanda. Vijana waliohamia mbali wakarudi. Huyu akalisha farasi, yule akajaza chupa, mwingine akafungua gereji. Chilanje ikapata barabara ya lami, na jioni madukani taa ziliwaka.

Kisha kiwanda kikatenga kiti kimoja kwenye bodi yake kwa aliyekianzisha. Mwenye kiti hicho ndiye angeamua faida iende wapi, na mji mzima ukaitwa uchague kati ya Sechelela, Mbeleje na Mama Matika.

Sechelela alikwenda mkutanoni akiwa na uhakika. Alisema bila elimu yake farasi wangebaki farasi tu. Angejenga maabara ya pili, watengeneze chanjo, ajira ziongezeke.

Mbeleje akasimama. "Elimu ni yako, daktari. Sumu niliileta mimi, na mkono wangu niliuacha kwenye kazi hiyo." Yeye angeanza kwa kuwatunza walioumia kazini na familia zao.

Mama Matika akasema polepole, "Mlikuwa na maji kwenye chupa. Yaligeuka dawa mwilini mwangu." Angeshusha bei, kila mkulima aimudu, hata kama kiwanda kingekua taratibu.

Sechelela aliwatazama wawili hao, akaketi. Mwenyekiti wa mkutano akawaomba watu wanyooshe mikono.

Haya, nanyi mlioketi hapa mmewasikia wote watatu: kiti kile mngempa nani?