Utepeni Wengi, Kilimani Mmoja

Utepeni wengi, kilimani mmoja. Ndivyo alivyowaambia Mama Fabiola muuza maandazi alipowaona mmejazana kupiga picha na mshindi wenu, nanyi mkacheka mkidhani anawanunia kwa kuwa hamkununua. Sasa mmenijia mimi, mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni kwenye benchi basi. Wewe mwenye kombe liweke chini, maana aliyekumbatia kombe hasikii la mtu. Mimi nitaendelea kuukunja utepe wangu wa kumalizia mbio huku nikisema. Nimeushika tangu baba zenu wakikimbia hapa na kaptula zilizochanika, na kisa chenyewe nilikiona kwa macho yangu, isipokuwa kipande kimoja tu.

Palikuwa na kocha akiitwa Amsi. Hakuwa mwalimu wa shule anayesimamia michezo siku ya Ijumaa mchana. Alikuwa kocha wa kuajiriwa, kocha wa klabu ya wakulima wa ngano, na hakuwa na shughuli nyingine duniani. Alfajiri unamkuta barabarani yuko juu ya baiskeli, nyuma ya wakimbiaji wake. Jioni unamkuta nyumbani anashona viatu vyao vilivyoachama. Mkewe alifariki mapema, na binti yake aliolewa Singida. Watu aliobaki nao ni wakimbiaji, na mkimbiaji ni mtu wa kupita.

Njia ya mbio zetu mnaijua. Mnaanzia hapa uwanjani, mnapita sokoni, mnateremka mtoni, kisha mnapanda kilima cha Harka mpaka juu na kurudi. Huko kilimani ndiko iliko Kona ya Mawe. Ukifika hapo kelele za uwanjani zimekatika, na mbele huoni kitu ila barabara inayozidi kupanda. Mwenye nia ya kuacha mbio huachia hapo, kwa sababu hakuna wa kumwona.

Siku ya mashindano, makocha wote walikuja kusimama hapa kwenye utepe na saa zao na mataulo. Amsi alichukua kikapu chake, akapanda Kona ya Mawe, akasimama peke yake. Kila mwaka alifanya hivyo. Mkimbiaji wake akipita, hakumpigia kelele wala kumtajia dakika. Alimwambia neno moja tu, "Nimekuona," akanyamaza.

Watu hawakosi la kusema. Wakasema Amsi anafukia dawa kilimani. Klabu ya jirani ikatuma watu wampekue, wakakuta kikapuni kiazi kitamu cha kuchemsha na chupa ya maji. Wakakigeuzageuza kile kiazi, wakakinusa, wakakirudisha. Mimi sikuwa na haja ya kupekua, nilimwuliza mwenyewe.

"Bwana Tluway," akaniambia, "wewe umeshika utepe siku zote. Umewahi kumwona mtu akiacha mbio baada ya kuuona utepe?"

Nikafikiri, nikamwambia sijawahi.

"Basi hapo mimi nina kazi gani?"

Lakini kazi ile ilikuwa na upweke wake, msidhani haukuwepo. Wakimbiaji wake walishinda, wakabebwa juu juu, vigelegele vikapigwa hadi mbwa wakakimbia, naye hakuona hata mara moja. Aliposhuka, uwanja ulikuwa umeshakuwa mtupu. Nilibaki mimi na utepe wangu, na mbuzi wakila maganda ya miwa. Na swali lake lilikuwa lile lile: "Nani kaupokea utepe?" Mtu aliyemfundisha mshindi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Iliniuma, nami nikamwuliza anafaidi nini.

Akasema kuna msichana mmoja, akipita pale konani na kusikia neno lile, huinua kidole kimoja bila kugeuka.

"Hicho kidole ndicho faida yangu," akasema. "Hunitosha mwaka mzima."

Nilimwona mjinga kidogo, Mungu anisamehe.

Msichana huyo ni Restituta. Alikuwa akipeleka maziwa ya mama yake mjini mbio mbio yasije yakachacha, na Amsi, akiwa juu ya baiskeli, akamwona akimpita mlimani kwa miguu. Akamfundisha miaka mingi. Kila baada ya mazoezi alipita kwa kocha kunywa uji, mpaka akawa na kikombe chake, na kikombe kikawa na msumari wake ukutani. Wilaya nzima hakuna aliyemshika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila siku hizi akishatunzwa huhamishwa. Klabu kubwa ya mjini ikaja kumchukua. Gari lilikuwa likingoja, akaondoka bila kumuaga kocha wake, akaacha salamu kwa jirani.

Amsi hakulalamika. "Ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Ukifundisha vizuri wanaondoka." Lakini nilipokwenda kumtembelea alinipa uji kwenye bakuli, na kikombe kiko pale pale msumarini.

Miaka ikapita, ikaja siku ya mchujo wa timu ya taifa, ukafanyika hapa kwetu kwa sababu ya baridi yetu na milima yetu. Walitakiwa wasichana watatu tu. Restituta naye alikuja, lakini alikuja na habari mbaya. Mguu ulimsumbua karibu mwaka mzima, na klabu ilikuwa imemwambia kwamba asipoingia kwenye timu safari hii, wanaachana naye. Mji wote tulijua. Kocha wake mpya, Deusi, alikuwa mtu mwema, msije mkamsema kwa jina langu. Alisimama hapa kwenye utepe na bendera mkononi, mahali ambapo makocha wote husimama.

Asubuhi ile nikamwona Amsi anapita na kikapu chake. Mwaka ule hakuwa na mkimbiaji hata mmoja.

"Kocha," nikamwita, "unakwenda wapi? Leo huna mtu mbioni. Njoo ukae nami hapa, angalau uone utepe ukikatwa kabla hujafa."

"Mtu yupo," akasema.

"Yule si wako tena. Hata kwaheri hakukupa."

"Kilima ni kile kile, Tluway." Akaenda zake.

Hiki sasa ndicho kipande ambacho sikukiona. Nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayakupishana.

Restituta alipanda Harka akiwa nyuma ya wengine. Alipofika Kona ya Mawe akasimama, akashika magoti. Hakuumwa. Aliangalia barabara mbele, akaona haina mwisho, akaamua yamekwisha. Ndipo alipoinua macho akamwona Amsi amesimama kando ya jiwe, kofia kichwani, kama alivyosimama siku zote.

"Kocha," akasema, "mimi si wako tena."

"Sikuja kuuliza wewe ni wa nani. Nimekuona."

Restituta akaanza kulia. "Niliondoka bila kukuaga."

"Uliondoka. Mguu je?"

"Mguu umepona. Ni mimi tu nimeishiwa. Huko ninakokimbia, nikifika mahali kama hapa, hakuna mtu."

"Hata mimi hapa sikuwa na mtu," Amsi akamjibu. "Nimesimama miaka yote hii nikiona migongo tu. Mimi pia huchoka, mwanangu, na sijaacha kuja. Haya, nenda. Uji utakunywa siku nyingine."

Hakumgusa, sheria hairuhusu. Alisogea tu kando ili barabara iwe wazi. Restituta akajifuta uso kwa mkono, akaondoka, na kabla hajaipita kona akainua kidole kimoja.

Hapa chini sisi tulikuwa tumeshakata tamaa naye. Wa kwanza akaingia, msichana wa Singida, utepe ukakatika. Wa pili akaingia. Tukangoja wa tatu, na tulipoona ile fulana ya Restituta ikitokeza sokoni, mwingine yuko nyuma yake hatua chache, uwanja ulipiga ukelele ambao sijausikia tena. Akaingia wa tatu. Deusi akamfunga bendera, wanawake wakamfunga khanga, waliomteta jana yake wakawa wa kwanza kumkumbatia. Naye alikuwa akiangalia juu ya vichwa vyao, upande wa barabara ya kilimani, machozi yanamtoka.

Mtangazaji wa redio akamwuliza, "Dada, umati wote huu umekuja kukupokea, mbona unalia?"

Akasema, "Utepeni wengi. Kilimani alikuwa mmoja."

Mtangazaji hakuelewa, akamwuliza habari za mguu. Mimi nilielewa, kwa kuwa nilikuwa na ncha ya utepe mkononi na nilimjua mmoja huyo. Maneno yakasikika redioni, watu wakayaokota, yakaanza kuzunguka. Lakini Restituta hakupewa nafasi ya kungoja. Wale watatu walipakiwa garini pale pale, wakapelekwa uwanja wa ndege.

Amsi alishuka baadaye, kama kawaida, amebeba kikapu.

"Nani kaupokea utepe?"

"Msichana wa Singida. Restituta ni wa tatu. Kaingia."

Akakaa kwenye benchi hii mliyokalia, akamenya kiazi chake. Nikamweleza alichosema Restituta. Akasema, "Kidole kaniinulia," akanimegea kipande cha kiazi. Halafu akaenda nyumbani kwake ambako hakukuwa na mtu wa kumweleza. Nilimtazama mpaka akapotea sokoni. Alikuwa na furaha, nina hakika, na alikuwa mpweke vilevile. Mimi nilikuwa nadhani viwili hivyo havikai pamoja.

Mkidhani methali imeishia hapo, mmekosea kama walivyokosea waliokuwa wakiitumia kuwasuta marafiki wa sherehe. Restituta alikimbia mpaka miguu ikakataa, akarudi hapa kwetu, akaajiriwa kuwafundisha wasichana wa klabu. Amsi alikuwa ameshazeeka. Siku ya mashindano akachukua kikapu na fimbo, akapanda Harka akipumzika kila mahali. Alipofika Kona ya Mawe akamkuta Restituta amesimama kando ya lile jiwe, na kikapu chake.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Unafanya nini huku? Wakimbiaji wako wanakaribia."

"Ndiyo maana niko huku."

"Hapa ni pangu."

"Palikuwa pako, Kocha. Kilimani anatosha mmoja. Shuka taratibu kwa njia ya mkato, leo ukaone utepe."

Basi akaja. Nilipomwona anaingia uwanjani wakati mbio hazijaisha, nilidhani kuna mtu kafariki. Nikampa ncha moja ya utepe aishike. Msichana wa Restituta akaja akaupiga kwa kifua, na nikaona mkono wa mzee ukivutwa. Watu wakaruka, wakapiga kelele. Mzee alisimama katikati ya kundi kama mgeni aliyekosea arusi, akitazama mkono wake. Halafu akanirudishia ncha ya utepe, akachukua chupa ya maji mezani kwa waamuzi.

"Unakwenda wapi tena?" nikamwuliza. "Sherehe ndiyo kwanza inaanza! Umeingoja umri wote."

"Kuna mtu anashuka peke yake," akasema.

Akatoka uwanjani na fimbo yake, akashika barabara ya Harka. Miaka yote aliyoshuka kilima kile, hakuna mtu hata mmoja aliyepanda kumpokea, mimi nikiwemo. Ndiyo maana yeye alijua. Walikutana pale darajani, na tuliwaona wanarudi polepole, Restituta amebeba vikapu vyote viwili. Jioni ile alikunywa uji kwa kocha wake, na kikombe kilikuwa bado msumarini.

Tangu hapo kila mwaka Restituta alisimama kilimani na mzee akaenda hadi darajani kumpokea na maji. Mzee alifariki masika ya mwaka juzi. Magoti yangu mimi hayapandi tena.

Sasa zamu yangu kuwauliza. Zile picha mlizopiga, nimewaona wote mmo, hata mwenye baiskeli aliyekuwa akipita njia yumo. Madam Resti wenu yumo? Mbona mnatazamana? Mlidhani katangulia nyumbani. Emiliana, wewe ndiye uliyeukata utepe leo. Pale Kona ya Mawe uliambiwa nini? Sema kwa sauti, mjukuu wangu, masikio yangu ni ya zamani.

Ndiyo. Uliambiwa, "Nimekuona."

Na kidole uliinua? Basi usiinamishe kichwa, ulikuwa umechoka. Bado kuna mchana. Chupa za maji ziko pale mezani, na kombe liacheni hapa, nitalilinda mimi. Utepeni wengi, kilimani mmoja. Atakuwa hajafika hata darajani, inukeni mkampokee.