Kwa Nini Hondohondo Jike Hutawa Mtini

Mnawaona hondohondo wa leo, wenye midomo iliyowazidi vichwa? Hawakuumbwa hivyo. Ilikuwapo enzi midomo yao ilikuwa ya kawaida tu, kama ya kunguru, na majike walitaga hadharani juu ya matawi kama njiwa. Hakuna aliyejua kukandika ukuta, wala hakuna aliyeona haja.

Enzi hizo aliishi dume mmoja aliyeitwa Makame. Sauti hakuwa nayo, madaha hakuwa nayo, ila mdomo wake uliwazidi wenzake kidogo. Jike aliyempenda aliitwa Mize, naye alikuwa akiposwa na msitu mzima. Mposaji aliyevuma kuliko wote ni Faki, dume kijana ambaye akiimba hata nyani walinyamaza. Faki alikuja akaimba. Makame alikuja akamtilia Mize kuyu bivu mdomoni, akakaa kimya. Mize akamchagua Makame, na msitu mzima ukabaki kuulizana.

Aliyeshangaa kuliko wote ni Makame mwenyewe, na balaa lilianzia hapo. Aliyepata asichokitegemea halali usingizi. Mize akioga vumbi, Makame yupo. Mize akinyoosha bawa, anaulizwa anamnyooshea nani. Faki akiimba ng'ambo ya bonde, Makame hakuhangaika na Faki. Aliitazama shingo ya mkewe aone kama itageuka.

"Mbona umegeuka?"

"Nimewashwa, mume wangu."

"Na umewashwa upande wa Faki tu?"

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Makame alikonda kwelikweli. Mize alipotaga, Makame alikataa kwenda kutafuta chakula. Alijibandika kwenye tawi, akawa analinda mke. Njaa iliwabana wote wawili mpaka Mize akashindwa, akaruka kwenda kuokota wadudu. Makame akamfuata tawi kwa tawi, ahakikishe kwamba ni wadudu kweli. Waliporudi walimkuta kenge anashuka mtini huku anajilamba. Halikubaki hata ganda la yai.

Mize hakulia mbele yake. Alisema tu, "Mimi umenilinda, mume wangu. Mayai aliyalinda nani?"

Msimu uliofuata Mize alitafuta tundu katika mvule, akaingia. "Unaogopa nitaonekana?" akasema. "Haya, niletee udongo, nijifungie humu nitawe."

Makame alifurahi kupita kiasi. Kutwa nzima alibeba udongo kutoka mtoni akimpa mkewe, na mke akaukandika kwa ndani, mpaka mlango wote ukazibika, ukabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Makame akatamba juu ya tawi. Sasa ni wangu peke yangu, aliwaza; hata jua likitaka kumwona lije kwanza kwangu.

Hajamaliza kutamba, sauti ikatoka ufani. "Makame, nina njaa."

Akaenda, akarudi, akaambiwa njaa bado. Mayai yakaanguliwa, midomo ya kulisha ikaongezeka. Makame hakupata tena wasaa wa kukaa kumlinda mkewe. Akiwa mbali anachuma makuyu, roho yake ilikuwa mvuleni, akijiuliza ni nani yuko pale saa hii.

Siku moja akarudi akamkuta Faki amening'inia palepale kwenye ufa, mdomo mtupu, kama aliyekwisha kutoa alichokuja nacho. Makame alimrukia, manyoya yakatapakaa, Faki akakimbia. Hasira haikuishia hapo. Aliugeukia ukuta akaupiga kwa mdomo, aubomoe, amtoe mkewe nje ajieleze. Ukuta ulikuwa umekauka, haukutikisika. Ndani watoto walilia.

"Bomoa," Mize akasema bila kupandisha sauti. "Kenge njia anaijua bado."

Makame akasita.

"Makuyu ya Faki yako chini, hata mdomo sikuyafungulia. Na nikwambie neno, Makame. Udongo uliuleta wewe, lakini aliyekandika ni mimi. Ukuta huu si wako."

Makame akatazama chini ya mti. Makuyu yalikuwapo, mazima, kwenye majani makavu. Aliona haya, akaruka kwenda kutafuta chakula.

Majike wa miti ya jirani walikuwa wameyasikia yote. Msimu uliofuata nao walitaka kutawa, hawakuuliza tena dume anaimbaje. Waliuliza mdomo wake unabeba nini. Mwenye mdomo mdogo aliambiwa apite. Faki aliimba mpaka akazeeka, akafa bila mtoto wa kuirithi sauti yake. Wenye midomo mikubwa ndio walioitwa baba, wana wao wakairithi midomo hiyo na kuchaguliwa kwayo, kizazi baada ya kizazi, hadi ikawa hii mnayoiona.

Basi tangu msimu ule hondohondo jike hutawa kwa hiari yake, na dume humlisha. Wivu haukumtoka Makame, na huo nao aliwarithisha wanawe. Mkisikia porini mlio kama wa mtoto anayeachwa na mama, ni dume anaondoka mtini kwenda kutafuta chakula. Analia kwa sababu anajua ufa mdogo umebaki wazi kwa yeyote apitaye, na udongo wa kuuziba uko ndani, kwa mkewe.