Friji ya Chande

"Barafu nyingi si baridi." Vijana waliisikia kauli hiyo kwenye kikao cha harusi, mzee mmoja alipowatazama wanakamati waliojaa ukumbini na ambao hawakuwa wamekodi hata kiti. Waliporudi nyumbani wakamuuliza bibi yao, Bi. Tausi, imetoka wapi. Akauweka kando ungo wake wa mchele, akasema: methali hii ilianza hivi.

Saa moja asubuhi, katikati ya Ramadhani, Siwema alifungua friji akakuta siagi imeyeyuka. Akagusa chupa za insulini za mama mkwe wake, Bi. Kidawa. Hazikuwa na baridi. Bi. Kidawa alikuwa na kisukari kikali, na pale Kilosa dawa ile ilikuwa imeisha madukani. Haikujulikana nyingine ingefika lini.

"Friji imeharibika," Siwema alimwambia mumewe.

Chande akacheka, akafungua mlango wa juu. Barafu ilikuwa imefunika ukuta wote wa nyuma, nene kama tofali. "Hii ndiyo iliyoharibika? Mtaa mzima unagandisha hapa maji ya kufuturia! Hamishia dawa huku juu, yaishe."

"Insulini ikiganda ni ya kutupa, Baba Mwanne."

"Msikilize mkeo," Bi. Kidawa alisema kutoka mkekani. "Utaniua kwa sifa za friji."

Siwema akazitia chupa katika mkebe, akaufukia kwenye mchanga mbichi ndani ya mtungi, kivulini. Kisha akaubana mlango wa friji juu ya kipande cha karatasi, akakivuta. Hakikutoka. Mpira wa mlango ulikuwa mzima. Akatega sikio: feni ya ndani ilikuwa ikikwaruza, ikasimama.

Chande alizungusha kitufe hadi mwisho wa ubaridi. Kufika adhuhuri barafu ilikuwa imeongezeka, na chini kumezidi joto. Akachukua kisu.

"Weka kisu!" Siwema alisema. "Nyuma ya barafu hiyo kuna bomba la gesi. Ukilitoboa, humu utafugia kuku."

Akakiweka. Wakachomoa waya ukutani, na Chande mwenyewe akabeba mifuko ya maji ya majirani, akairudisha nyumba kwa nyumba.

"Kulikoni, Chande?" aliuliza Mama Zuhura. "Si ulisema friji yako inatoa mawe?"

"Inaumwa, shemeji," alijibu, macho chini.

Waliacha milango wazi, wakaweka beseni la maji ya moto ndani, wakadeki maji yaliyotiririka. Barafu ilipolegea, Siwema akafungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Nyuma yake kulikuwa na mabomba yaliyofunikwa kabisa na barafu.

"Baridi inazaliwa hapa," alimwonyesha mumewe, "na feni inaipuliza mpaka chini. Hii hita kazi yake ni kuyeyusha umande ulioganda kila mara kabla haujawa ukuta. Hita ikifa, barafu inaifungia baridi humu humu."

Wakaazima kipima umeme kwa jirani. Hita haikupitisha umeme. Waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. Chande akaenda dukani na ile mbovu mkononi, akarudi na nyingine ya namna ile ile. Waliifunga pamoja, yeye akishika taa, Siwema akikaza skrubu, kisha wakawasha.

Asubuhi iliyofuata Chande alifungua mlango wa juu. Ukuta ulikuwa mtupu.

"Mama, hakuna barafu! Hata kidogo!"

Bi. Kidawa alijikongoja hadi pale, akafungua mlango wa chini, akatoa chupa ya maji, akamwekea mwanawe shavuni. Chande akaruka.

"Sasa unalia nini?" alisema mama yake. Akamgeukia Siwema. "Mwanangu, nirudishie dawa yangu humu." Kisha akamtazama tena Chande, aliyekuwa bado ameshika shavu. "Barafu nyingi si baridi."