Kinu cha Stumai na Daftari la Edina

"Daftari la mwenye wivu hujaa kazi ya jirani." Nimemsikia mwalimu wenu, Daktari Mwasomola, akiwaambieni maneno hayo asubuhi, na nimewaona mlivyotazamana. Mmekuja kwangu kuuliza yametoka wapi, na mmefanya vizuri, maana karakana hii naitunza mimi tangu haijapakwa rangi. Kaeni. Wewe mwenye koleo, liweke chini kwanza. Methali hii hatukurithi kwa wahenga. Ilizaliwa humu humu, kati ya meza hizi, na mwanzo wake ni huu.

Ni miaka minane sasa. Fani yenu ilikuwa changa, na watu wa mjini walikuwa wakituuliza hiyo sanaa shirikishi ndiyo nini. Tukiwajibu kwamba ni kazi isiyokamilika mpaka mtazamaji aiguse, aisogelee au aongee nayo, walitikisa vichwa na kwenda zao. Lakini Mwongozo wa Mradi wa Mwisho ulikuwa ule ule mnaoulalamikia leo. Kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Ijaribiwe na watu kumi wasio wa idara. Msaada wowote utajwe. Na kila Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri, daftari la kazi liletwe kwangu, limeandikwa kwa kalamu kilichofanyika wiki hiyo, nami nilipige muhuri wa tarehe. Wiki kumi na mbili, mihuri kumi na miwili. Asiye na mihuri haonyeshi kazi, na asiyeonyesha kazi anarudia mwaka.

Mwaka huo alikuwapo binti mmoja, Edina Kihwele. Kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa na haya ya kulisema. Mradi wake ulikuwa ukuta wa kitambaa cheupe. Ukisimama mbele yake, kivuli chako kinaota matawi. Ukiinua mikono, ndege wanakuja kutua. Wiki ya pili tu ukuta ulikuwa ukifanya kazi kwa mtu mmoja. Mimi mwenyewe, mtu mzima na mvi zangu, nilisimama pale nimeinua mikono kama mwizi wa kuku aliyekamatwa, nikafurahi.

Meza ya pili ilikuwa ya Stumai Mbonde, msichana mkimya kutoka Kilwa, mwenye alama za wastani. Yeye alileta kinu. Kinu cha kutwangia, cha mti, na mchi wake. Tukamcheka. Kumbe ndani ya kinu alikuwa akipachika vihisio, vile vifaa vidogo vinavyosikia mtikisiko, na kila mchi uliposhuka zilitoka sauti za bibi zake wakiimba wimbo wa kutwanga. Mkitwanga wawili kwa kupokezana, wimbo unaitikiwa. Mkikosana mapigo, unanyamaza.

Wiki ya tatu Daktari Mwasomola alivua viatu, akatwanga na mama mfanya usafi mpaka jasho likamtoka. Kisha akasema mbele ya wote, "Nimefundisha miaka mingi. Kitu hiki sijapata kukiona." Edina alikuwa amesimama kando ya ukuta wake, taa mkononi, akingoja zamu yake. Siku hiyo hakuna aliyeukumbuka ukuta.

Baadaye Edina aliniambia mwenyewe kwamba maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake aliigeuza meza yake ikatazamana na ya Stumai. Akawa anafika kabla ya mwenzake na kuondoka baada yake. Akiniletea chai, najua anataka habari.

"Mzee, Stumai leo kafanya nini?"

"Si umekaa naye hapo hapo?"

"Nilitoka kidogo. Nilikosa nini?"

Aliona wivu, wanangu, wivu wa kumkosesha mtu usingizi na chakula. Stumai akicheka na mtu, Edina alidhani anachekwa yeye. Na Ijumaa ikifika, mwongozo ulimtaka aandike, naye aliandika kilichoujaza moyo. Mimi nikawa napiga muhuri. Nisijifanye mtakatifu hapa: sikuwa nikisoma. Nilifungua ukurasa, nikaona mwandiko umejaa mpaka chini, nikapiga.

Wiki ya kumi na moja ikaja mvua. Bati la pembeni lilikuwa na tundu, nami nilikuwa nimeliripoti mara tatu. Asubuhi tulikuta daftari la Stumai juu ya meza limevimba kama andazi. Wino umetiririka wote, mihuri yangu nayo imeyeyuka. Hapakuwa na neno moja la kusomeka.

Jumatatu kikakaa kikao cha kuruhusu kazi: Daktari, wakaguzi wawili wa kutoka nje, wanafunzi wote, na mimi nikiwa na muhuri wangu. Stumai akaitwa mbele.

"Mwongozo unasema nini?" Daktari akamuuliza, na sauti yake ilionyesha hapendi kuuliza.

"Asiye na mihuri haonyeshi kazi."

"Daftari likiharibika, kipengele cha tisa kinaruhusu maandishi mengine yoyote ya mwenendo wa kazi, hata kama si ya wiki zote, mradi yawe na tarehe na muhuri wa karakana. Unayo?"

"Sina, Daktari. Nilikuwa na lile moja tu."

Nikasimama kusema kwamba mimi nimemwona akifanya kazi kwa macho yangu. Daktari akanizuia kwa mkono. "Mzee Luhwago, macho hayana muhuri."

Mambo yangeishia hapo. Stumai angerudia mwaka, na Edina angebaki peke yake juu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini wivu haushibi. Haikumtosha Stumai kukosa kuonyesha kinu. Alitaka kinu kisiwe chake kabisa. Akainuka.

"Daktari, kabla hamjamwonea huruma, kazi ile si yake. Imefanywa na binamu yake, fundi umeme. Alikuja hapa wiki ya sita."

"Edina!" Stumai akageuka. "Binamu yangu alikuja kuniletea unga!"

"Alishika nyaya. Nilimwona. Siku na saa, vyote ninavyo humu." Akalitupa daftari lake mbele ya Daktari.

Daktari akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. "'Wiki ya nne. S. katoboa kitako cha kinu mwenyewe kwa patasi. Mikono imechubuka, hataki kusaidiwa.'" Akafunua. "'Wiki ya tano. S. kahamisha vihisio kutoka chini kwenda ubavuni. Mapigo yanasikika vizuri zaidi. Kwa nini mimi sikulifikiria?' 'Wiki ya sita. Kaja binamu yake na unga. Kashika waya mmoja, S. kampiga mkono, kamwambia usiguse, mwongozo unataka nifanye mwenyewe.'"

Darasa likaangua kicheko. Hasira ilikuwa imemkumbusha Edina nusu ya sentensi, nusu nyingine alikuwa ameisahau. Na Daktari hakukoma. Wiki ya nane, ya tisa, ya kumi: majina ya watu kumi walioujaribu mchi, kila mmoja alisema nini, nani alichoka, nani alilia aliposikia sauti za wale bibi.

Mkaguzi mmoja akainama mbele. "Mwenendo wa kazi umeandikwa vizuri sana. Daftari hili lina tarehe?"

"Lina."

"Na mihuri?"

Wote wakanitazama. "Ni yangu," nikasema.

"Basi kipengele cha tisa kimetimia," Daktari akasema. "Stumai, kazi ni yako na utaionyesha."

Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa bado analifunua lile daftari, mbele na nyuma, polepole. "Na ukuta wako, Edina? Uko ukurasa gani?"

Edina akalichukua, akatafuta. Wiki ya kwanza ukuta upo. Ya pili upo. Ya tatu upo. Toka hapo, haupo. Tukaenda kuutazama. Akisimama mmoja, matawi yanaota vizuri kama zamani. Wakisimama wawili, picha inaganda. Watu kumi wa majaribio hakuwa amemwita hata mmoja.

"Mihuri kumi na mmoja," Daktari akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Yako ni mitatu. Iliyobaki ni ya Stumai. Utarudia mwaka."

Edina alikaa sakafuni akalia, na mtu asinidanganye kwamba lilikuwa jambo dogo. Mzazi wake alikuwa ameshaalika watu kwenye mahafali. Stumai akaja akachuchumaa karibu naye. Nilikuwa jirani, nikasikia.

"Mimi sikuwa nikipita upande wa ukuta wako," akamwambia. "Ulikuwa unanitisha. Nilijua nikiutazama mara mbili nitakiacha kinu changu."

Daftari la Edina likabaki idarani, kwenye jalada la Stumai, na lipo huko mpaka leo.

Mwaka uliofuata, Ijumaa ya kwanza, Edina alikuja dirishani kwangu saa tatu asubuhi na daftari jipya. Safari hii nikavaa miwani nisome. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya neno lolote kuhusu ukuta, alikuwa ameandika mstari mmoja.

"Hii ndiyo kazi ya wiki?" nikamuuliza.

"Hapana, Mzee. Hiyo ni kazi ya mwaka jana. Ya wiki hii iko chini yake."

Chini yake alikuwa ameeleza jinsi ukuta ulivyoanza kutambua watu wawili. Nikausoma ule mstari wa juu mara mbili, ndipo nikapiga muhuri: Daftari la mwenye wivu hujaa kazi ya jirani.