Wembe wa Baba Zuwena

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Maana yao ni kwamba hata fundi aliyebobea hufika mahali ambapo mikono yake haimtoshi, akamhitaji mwenzake. Lakini mtaani Nyasubi, mjini Kahama, palikuwa na mtu aliyeicheka methali hiyo kila siku ya Mungu. Huyo alikuwa Mzee Muhidini, naye alikuwa kinyozi.

"Waliosema hivyo hawakuwa na kioo," aliwaambia wateja wake, kisha akajinyoa mbele yao, wembe wa kukunja ukiteleza shavuni bila kubakiza hata kinyweleo. Wembe ule, pamoja na mkanda wa ngozi wa kuunolea, aliurithi kwa marehemu baba yake. Hakumruhusu mtu kuvigusa, hata mkewe Mwahija aliyefagia nywele za kibandani miaka nenda miaka rudi.

Hujafa hujaumbika. Katika kipindi kile baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipokuwa adimu kama wali wa daku, Mzee Muhidini aliamka asubuhi moja mkono wake wa kulia ukiwa mzito kama gogo. Alitibiwa, akapata nafuu, ila mkono ulibaki ukitetemeka. Nayo nikaha ya binti yake wa pekee, Zuwena, ilikuwa imekwisha kupangwa.

Ijumaa ya nikaha ilipokaribia, mzee alijaribu kujinyoa kwa mkono wa kushoto. Alijikata shavuni, damu ikamchuruzika hadi shingoni. Aliufunga wembe akautia sandukuni.

"Ami yake Zuwena atamwozesha badala yangu," alisema. "Siwezi kukaa msikitini mbele ya watu niliowanyoa, uso wangu kama shamba lililotelekezwa."

Mwahija alipendekeza aitwe kinyozi wa Kagongwa. Mzee aligeukia ukutani. Zuwena alikuwa jikoni, akayasikia yote. "Mama," alisema huku akilia, "baba yupo hai, nami nitaozwa kama yatima?"

Maneno hayo yalimchoma Mwahija moyoni. Alilifungua sanduku, akautoa wembe na kumwekea mumewe magotini.

"Nifundishe, Baba Zuwena."

"Mwanamke anyoe ndevu? Kahama nzima itanicheka!"

"Mimi si Kahama nzima. Mimi ni mkeo."

Mzee aliukunjua wembe. Basi akaanza kumfundisha.

Jiwe la kunolea halikumtisha Mwahija, kwa kuwa visu vya jikoni alivinoa tangu usichana wake. Aliulaza wembe kwenye jiwe lililoloweshwa, makali yakatangulia, naye mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha Mwahija akautundika mkanda mlangoni, akaupitisha wembe vilevile alivyoupitisha jiweni, makali mbele. Wembe uliingia ndani ya ngozi kwa sauti ndogo, chwaa! Mkanda wa marehemu ukapasuka karibu nusu.

Mwahija aliziba mdomo kwa mkono. Alingoja ghadhabu, maana mumewe aliwahi kumfukuza mteja kibandani kwa kuugusa tu mkanda huo. Lakini mzee alisogea polepole, akaugeuza upande wa pili. Karibu na pete ya kutundikia palikuwa na mshono wa zamani, mweusi kwa mafuta.

"Hapa niliukata mimi," alisema. "Baba alinichapa, kisha akanishika mkono hivi." Akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya mkono wa mkewe. "Jiweni makali hutangulia. Kwenye ngozi mgongo hutangulia, makali yafuate. Tena taratibu."

Nyamizi, jirani yao Msukuma ambaye mumewe alikuwa mchinjaji sokoni, aliposikia habari hizo alileta ngozi mbichi ya mbuzi. "Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma huku akicheka. "Mnyoe huyu kwanza. Ukimtoboa halalamiki, sijui huyo wa ndani!" Ngozi ya kwanza ilitoboka kama chekecheke. Ya pili ilipata matundu machache. Siku zikapita, Mwahija akanoa na kunyoa, mpaka akaweza kuiacha ngozi laini bila mkwaruzo wowote.

Asubuhi ya Ijumaa, Zuwena alitoa kipande cha sabuni ya kunukia alichotunziwa kwa ajili ya harusi yake. Alikikata katikati, nusu akampa mama yake. Mwahija alimkanda mumewe uso kwa kitambaa cha maji moto, akampaka povu, akaivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili na kuulaza wembe. Mkono wake haukuyumba, ukazifuata ndevu zilivyolala, kutoka sikioni hadi tayani.

Ghafla chozi la mzee lilitiririka, likachora mfereji katika povu.

"Nimekukata?" Mwahija aliuliza kwa hofu.

"Hapana. Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui nini?"

"Raha waliyokuwa wakiipata wateja wangu," alijibu, macho ameyafumba. "Maisha yangu yote nimewagusa watu nyuso zao, uso wangu nikamnyima kila mtu. Hata wewe."

Mwahija aliifuta shingo ya mumewe kwa upole, akaendelea na shavu la pili.

Mchana ule, msikitini, Mzee Muhidini alimshika mkono bwana harusi, Hatibu. Mkono wake ulitetemeka, Hatibu akauzungushia vidole vyake akaushikilia imara. Zuwena, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisikia sauti ya baba yake ikimwozesha, akajiinamia kwa furaha.

Watu walipotoka, wateja wa zamani walimzingira mzee wakiyastaajabia mashavu yake. "Mzee wetu, umejinyoaje na mkono huo?" waliuliza. "Au kioo chako kina uchawi?"

Angeweza kucheka tu, wakamwamini. Badala yake alimtazama Mwahija, aliyekuwa amesimama langoni akimsubiri.

"Kioo kimenishinda," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Aliyeninyoa ni Mama Zuwena. Wahenga hawakukosea, jamani: kinyozi hajinyoi."